Mvunguni

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Sawa.
Mimi nimelala chali juu ya kadibodi ya friji,
Kariobangi, saa tatu asubuhi,
unga wa kutu ukinimwagikia kopeni
kama chumvi iliyokosa chungu.

Fundi Muchemi anagonga chesi kwa nyundo ndogo,
anasikiliza. Penye chuma kizima: ngi.
Palipooza: po.
Ngi, ngi, ngi, po.
"Po tatu upande wa dereva," anasema, "na moja
mahali nisipotaka kukwambia kabla hujanywa chai."

Landrova hii ni ya sabini na nane.
Ilikuwa ya shangazi Kasyoka, daktari wa ng'ombe,
aliyepeleka chanjo Merti, Garba Tula, Laisamis,
akirudi Ngara mwisho wa mwezi, nywele nyekundu kwa vumbi,
na harufu ya mbuzi iliyomfikia mlinzi kabla ya honi.

Nilikuja na orodha, kwa wino wa kijani:
injini ya dizeli ya Toyota, ya mtumba,
springi za kuinua inchi mbili,
pua ya kupumulia mitoni,
winchi, keria, taa nne za paji la uso,
usukani wa kidole kimoja.
Muchemi aliisoma, akaikunja, akaisukuma
chini ya jeki iliyokuwa ikiyumba.
Jeki ikatulia.

"Kwanza tujue daktari alikuwa akitibu vipi."

Tukafungua.
Rejeta imezibwa kwa sabuni ya mche
iliyogeuka jiwe.
Bomba la mafuta limezongwa tyubu ya baiskeli,
fundo la kufungia ndama.
Sakafuni, penye tundu, kifuniko cha mkebe,
ribiti tatu za kweli na moja msumari.
Na kwenye springi ya nyuma, mahali pa bushi ya mpira,
bushi ya mti.
Mzeituni wa porini, umechongwa kwa kisu,
umekuwa mweusi kwa mafuta ya kondoo.

Muchemi akaipangusa kwa kidole gumba.
Akamwita Nasimiyu wa kulehemu, azime moto aje.
Akaja, miwani juu ya paji,
akaichungulia kama mtu asomaye barua isiyo yake.
"Hii imetembea miaka mingapi?"
Sikujua. Nilijua tu mwaka mmoja wa mvua kubwa
shangazi alichelewa siku tisa,
baba akazunguka uani akiilaani serikali,
barabara, na elimu ya wasichana.
Siku ya kumi akaingia, akaomba uji,
akasema springi ilimchezea kidogo.
Kidogo!

Wiki sita.
Barabara ya Kirinyaga nimeuziwa gasketi ya gari jingine
kwa kiapo cha mama yake muuzaji.
Kodi ya nyumba imeingia kwenye difu, ikawa grisi.
Nasimiyu amezikata po zote nne,
cheche zikanitoboa soksi.
Injini ya Toyota tumeiweka, sikatai:
ile ya kwanza ilikuwa imepasuka kichwa,
na mapenzi hayana pistoni.
Springi zimepanda inchi moja. Ya pili nilinyimwa.
"Utapandaje, na magoti hayo?"
Bushi ya mti
aliitoa, akaipima, akaipaka grisi, akairudisha.
"Ya mpira ninayo," alisema. "Siku ikihitajika."

Jana ikawaka.
Moshi mweusi, kisha wa buluu, kisha hakuna.
Karakana nzima ikagonga spana kwa spana,
hata wale wanaonidai.

Barabara ya Outer Ring, mvua ikaanza,
nami nikajisifu: raba mpya za madirisha,
silikoni, mshono wa paa umepitiwa mara mbili,
hata mbu hana mlango.

Tone. Goti la kulia.
Kisha tone.

Nikatazama juu. Sikuona ufa.
Nikamwona shangazi, mikono yote miwili usukanini,
leso imekunjwa mara nne juu ya goti lile lile,
na mimi, mtoto wa kiti cha pili,
miaka yote nikidhani ni baridi yabisi.

Kwenye mataa nikavua skafu.